Mafuta Mekundu ya Tonton

Vuuuuu. Halafu kimya, kama mtu anavuta pumzi. Halafu tak!

Sauti hiyo bado ninayo masikioni. Ndivyo gari la tonton lilivyopanda kilima cha kutoka darajani Tshopo siku zile. Moteur inalia kama inakimbia, magurudumu hayana habari, halafu ghafla gia inashika na shingo zetu zote zinarudi nyuma. Tantine, mke wake, alikaa kiti cha nyuma na kusema "Bismillahi" kila alipoisikia moteur ikilia bure, na mimi nikawa nahesabu. Kilima kile kilikuwa na bismillahi nne. Baadaye zikawa sita.

Tonton ni mdogo wake mama. Ndiye aliyenilea, na ni fundi wa kushona: uniforme za shule, makanzu ya Ijumaa, mashati ya wenye kuoa. Mguu wake wa kushoto ulikauka akiwa mtoto, baada ya homa. Mashine ya kushonea anaikanyaga kwa mguu wa kulia peke yake, na kwa miaka mingi hakuwahi kufikiri kwamba ataendesha gari. Mpaka alipopata hili, la automatique, lenye pedali mbili tu, ambalo halidai kitu kwa mguu wa kushoto. Watu wa mtaani walimcheka wakisema ni gari la wavivu.

"Bon," aliwajibu, "basi wavivu njo walinifikiriaka mimi."

Kwa hiyo mtaelewa maneno ya fundi wa magari yalivyotuingia siku ile ya Jumamosi. Alikuja kwetu, akafungua kapo, yaani boneti, akazima moteur, akangoja kidogo kama wanavyofanya wote, kisha akavuta jauge, ule ukanda mwembamba wa chuma wa kupimia mafuta ya boîte, sanduku la gia. Akatuonyesha. Ulikuwa umelowa vizuri mpaka juu ya alama.

"Unaona, papa? Mafuta iko kamili. Ni boîte yenyewe njo imekufa. Siku ya kwanza, Jumatatu, nakuya, tunatoa hii, tunaweka ya manuel. Watu yote hapa wanafanyaka vile."

"Manuel iko na embrayage, pedali ya tatu," tonton akasema.

"Bien sûr."

"Na embrayage wanaikanyagaka na muguu gani?"

Fundi alitazama chini, akaona, akajikuna kisogo. Hakuwa mtu mbaya. "Alors... tutakutafutia chauffeur, papa."

Alipoondoka, tonton alisema sasa atakaa nyuma kama ministre, apungie watu mkono. Tulicheka. Sisi tukaacha kucheka, yeye akaendelea peke yake.

Mchana nilipeleka blauzi tatu kwa mama mmoja wa Butembo ambaye ana duka la mafuta ya magari na vipuri karibu na soko. Nilikuwa nimezoea kukaa kwake nikitazama zile boksi na kuota kwamba siku moja nitaendesha lori kubwa mpaka Bunia, mkono mmoja nje ya dirisha. Siku hiyo sikuota. Akaniuliza nina nini, nikamwambia yote.

"Na mulipima moteur ikiwaka, ao imezimwa?"

"Imezimwa, mama. Sawa vile wanapimaka mafuta ya moteur."

Alipiga makofi akacheka mpaka wateja wakageuka. "Ma chérie! Ile mafuta haiko sawa ya moteur. Ukizima, yote inashuka, inalala chini, na jauge inakudanganya, inasema iko mingi. Utembeze gari, ipate moto. Uisimamishe fasi iko sawa. Moteur iungurume. Tonton akanyage frein ya kusimamisha, apitishe levier ya gia fasi yote, pole pole, arudishe kwa P. Njo uvute."

"Mulijifunza wapi, mama?"

"Bwana yangu aliua boîte mbili. Ya kwanza tulilia. Ya pili tulijifunza."

Akanifanya nimpigie tonton simu, amsomee herufi zilizochorwa kwenye jauge, kwa sababu, alisema, kila boîte ina chakula chake. Kisha akanijazia mafuta kutoka kwenye pipa lake katika chupa tupu ya maji. Mafuta yalikuwa mekundu na yenye kung'aa kama sharubati. "Mafuta nyekundu," akaniambia, "usisahau." Nikarudi nyumbani nikirudia njia nzima: nyekundu, nyekundu. Chupa nikaiweka jikoni, kwenye kivuli, isipigwe na jua.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lile ni la watu wa kwetu tu.

Asubuhi ya Jumapili tantine alikuwa jikoni anatwanga pondu, majani ya muhogo. Tonton alizungusha gari mtaani mara tatu, akarudi na kulisimamisha mbele ya mlango, mahali udongo uko sawa. Hakutoka. Alibaki kwenye usukani, mguu wa kulia kwenye frein, akapitisha levier mwanzo hadi mwisho na kuirudisha, kwa upole, kama anapitisha uzi kwenye sindano. Mimi nilikuwa kwenye kapo na kitambaa.

"Umeshika kitambaa gani?" tonton akaita.

"Hii ya flanelle."

"Apana! Flanelle inaachaka manyoya. Manyoya ikiingia mule, ni kifo. Kamata popeline, iko pale kwa mashine."

Nani mwingine hapa Kisangani angefikiria hilo? Nikaleta popeline. Nikavuta jauge, nikaipangusa, nikairudisha mpaka mwisho, nikaivuta tena. Moteur ilikuwa inaunguruma na joto linanipiga usoni. Nikampelekea dirishani.

Mafuta yalikuwa yamelowesha ncha tu. Chini ya alama zote.

Tonton aliishika kwa vidole viwili, akaitazama kama anavyotazama suruali ya mteja. "Fupi," akasema. Kisha tena, kwa sauti ndogo: "Iko fupi. Kitambaa haina kosa, boîte haikufa." Akanirudishia jauge. "Kimbia, mama," akaniambia, "lete mafuta nyekundu."

Nikakimbia. Nikashika chupa, nikarudi, nikaingiza mrija mwembamba kwenye tundu la jauge, na juu yake shingo ya chupa nyingine tuliyoikata iwe faneli. Nikafungua kizibo, nikainamisha.

"Nani amebeba mafuta yangu?" Tantine alikuwa mlangoni, mwiko mkono mmoja, chupa mkono wa pili. "Hii hapa inanuka garage! Nilibakisha kidogo tu niimwange mu pondu!"

Nikatazama chupa niliyoshika. Mawese. Kwetu, ukisema mafuta mekundu, hakuna anayefikiria kitu kingine. Mawese yenyewe, mazito, yasiyopitisha mwanga, yalikuwa yamefika kwenye mdomo wa chupa na kusimama pale kama yanafikiri. Kwa kuwa asubuhi ilikuwa na ubaridi yalikuwa yameganda kidogo, na huo ubaridi naushukuru hadi leo. Hata tone moja halikuingia.

"Ni nini huko?" tonton akauliza kutoka ndani. Kapo ilikuwa imemziba, hakuona kitu.

"Rien, tonton!" Halafu moyo ukanishinda. "Tonton... nilikuwa karibu kumwanga mawese mu boîte."

Moteur inaunguruma. Kisha gari likaanza kutikisika kwa kicheko chake. "Ulitaka kunipikia boîte na pondu? Na mukate wa muhogo iko wapi?"

"Cheka," tantine akasema, "na mie nilikuwa karibu kuwakulisha ya garage." Akanipa chupa yangu, akachukua yake, akanipiga kidogo begani kwa mwiko, upande usio na pondu.

Nikamimina. Kidogo, kisha kupima. "Pole pole," tonton aliniita kila mara, "kitambaa ukisha kata mingi, hairudi." Mara ya tatu mafuta yakasimama katikati ya alama mbili, mekundu na safi. Nikamwonyesha. Nikarudisha jauge na kufunga kapo. Akaondoka peke yake kuelekea kilimani. Tantine nami tukabaki barabarani tukisikiliza, na hatukusikia kitu cha kusikiliza.

Aliporudi alimpigia simu fundi wa magari. Nilidhani atamtukana. Akamwambia tu, "Usibebe ile boîte, kaka. Kuya mikono mitupu, kuna kitu nitakuonyesha." Na fundi alikuja kweli siku iliyofuata, akaonyeshwa, akasema "Ah, kumbe!" mara tano, na tangu hapo anapima moteur ikiwaka. Mama wa Butembo nilimpelekea pondu. Aliinusa kwanza.

Ninamshukuru yeye, na tantine na pua yake, na tonton aliyenikabidhi kitu chake cha thamani akiwa amekaa mahali ambapo hakuweza kuona mikono yangu.

Lakini mama wa Butembo alikuwa ameniambia neno la mwisho mlangoni mwa duka: boîte haikulake mafuta, haiimalizi. Ikipunguka, inavuja fasi moja. Kwa hiyo Jumapili ile ile, tonton alipoliacha gari na kwenda msikiti wa jirani kuswali alasiri na tantine alipolala, nilichukua boksi la biskuti, nikalipasua na kulinyoosha, nikalala kifudifudi kwenye udongo na kulisukuma chini ya boîte.

Asubuhi niliamka kabla yao. Nikalivuta. Tone moja, jekundu, kubwa kama kifungo cha shati. Nilichukua chaki ya kukatia nguo, nikalizungushia duara nijue kesho kama limekua, nikalirudisha boksi mahali pake.