Sikukataa Mtoto Wangu Aende Ulaya

Majina yao ninayo yote. Ya watoto wanane waliochaguliwa, ya wazazi wao, ya watu watano wa komite ya safari, hata la yule aliyebeba viti siku ya mkutano wa kwanza. Nikiwa jikoni ninaweza kuyataja moja moja kama padri anavyotaja watakatifu. Hapa siyaandiki. Wajukuu wa watu wale wanasali pamoja na wajukuu wangu, wanakaa benchi moja, na mimi sina neno na wajukuu. Neno langu ni na wakubwa wao. Wengi wamekwisha kufa, na kufa kwao hakukuniondolea hasira.

Ilikuwa wakati wa Zaire, wakati wanaume walikuwa wanaitana sitwayen, yaani mwananchi, na kuvaa abakosti, lile koti la bila tai, hata kwa jua la saa saba. Paroasi yetu, parokia ya hapa Kalemie, ilikuwa na urafiki na paroasi moja ya Ubelgiji. Wao walikuwa wanatutumia vitabu na nguo zilizovaliwa, sisi tunawatumia barua na foto za watoto. Mwaka mmoja ikaja barua: wanaomba watoto wanane wa korali yetu waende kwao wakati wa likizo, wiki tatu, waimbe kanisani mwao, kisha watembezwe wapate kuona. Tiketi juu yao.

Binti yangu alikuwa mmoja wa wale wanane. Mimi nilizaa mapacha wa kike, ndiyo maana mpaka leo watu wananiita Mama Mapasa. Aliyetoka wa pili ndiye alikuwa na sauti. Ilikuwa sauti ya juu, nyembamba, lakini haikukatika, na wimbo wa kutoa sadaka ulikuwa unamngoja yeye ndipo uanze. Aliyetoka wa kwanza hakuwa na sauti kabisa. Akiimba, mbuzi wanageuka kuangalia. Yeye alipenda kukaa nami sokoni tunapanga ndagala, wale dagaa wa ziwa, kwa mafungu, na ndege aliiogopa hata ikipita mbali huko juu. Walikuwa wa miaka kumi na moja.

Mkutano wa kwanza ulikuwa wa furaha, siwezi kusema uongo. Sista, Mbelgiji aliyefundisha korali, alitusomea programu ya safari siku kwa siku. Siku ya kwanza watoto watapumzika. Siku ya pili watapelekwa mji mkubwa, kuona uwanja wenye nyumba zilizopakwa dhahabu na kanisa lenye ngazi inayojizungusha kama konokono. Siku ya tano watapelekwa mahali palipozungushiwa ukuta, pana michezo ya mashine tu, kutwa nzima. Akatupitishia kadi yenye picha. Tuliona gurudumu kubwa kupita mnara wa kanisa, watu wamekaa ndani yake kama mayai. Tuliona mlima wa chuma na vigari vinaupanda kwa reli.

Papa mmoja, baba wa mmoja wa wale watoto, machinisti anayeendesha treni, aliishika ile kadi muda mrefu.

«Sista, hii treni inapanda, kisha inaanguka?»

«Haianguki, Papa. Inashuka kwa mbio sana. Watoto wanapiga kelele za furaha.»

«Mimi nina miaka kumi na tisa kwa treni,» akasema. «Treni ikishuka hivi, tunaandika ripoti.»

Watu wakacheka mpaka sista naye akacheka. Mama mmoja aliyeuza mikate karibu na gare ya treni akauliza kama watu wanalipa ili wapande. Sista akasema ndiyo, wanalipa.

«Basi Bulaya muntu analipa juu ya kuogopa,» yule mama akasema. «Siye huku tunaogopa bure.»

Tuliuliza maneno mengi siku ile. Ndani ya ndege mutoto anakojoa wapi? Watakula nini, na kama kitawashinda, je, ni haya kuwafungia samaki mkavu? Nani atawasuka nywele wiki tatu? Ilikubaliwa wafunzwe kula kwa uma na kisu, kila Jumamosi, kwa sahani za watawa. Ilikubaliwa pia nani akae na nani ndani ya vigari vya mlima wa chuma, maana viti ni viwili viwili. Binti yangu aliwekwa na mtoto wa machinisti. Nilikuwa ninasikiliza na moyo unanijaa. Mimi niliyesoma madarasa mawili tu, niliyejua kuandika jina langu na kuishia hapo, mtoto wangu atakalishwa kiti cha mbele.

Halafu sista akafungua mfuko wa masweta. Aliita watoto mmoja mmoja, kila mmoja akapewa sweta yake juu ya baridi ya kule. Binti yangu akapewa ya kijani. Nami nikasimama, nikasema: «Na mwenzake?»

Hapa nieleze, maana vijana wa leo hawajui, na wakubwa wale pia hawakujua, ndiyo ilikuwa mbaya.

Kwetu, kwa upande wa mama yangu, ukimpa pacha mmoja kitu, mama yao lazima aulize: na mwenzake? Asipouliza, anatafuta ugonjwa. Lakini kuuliza si kukataa. Aliyetoa anatafuta kitu chochote, karanga moja, chembe ya sukari, kipande cha uzi, anakupa umpelekee yule mwingine. Basi, yamekwisha. Pacha mmoja anaweza kuolewa Moba na mwingine akabaki hapa, mmoja anaweza kupewa ng'ombe na mwingine akapewa karanga, hakuna atakayekufa. Mila imeweka mlango, na mlango wake ni mdogo, ni wa karanga moja.

Sista hakujua. Alifungua mikono akasema, «Mama, nafasi ni moja tu.»

Nilibaki nimesimama ninangoja. Nilifikiri kuna mtu mkubwa atamnong'oneza. Hakuna. Watu walinyamaza, na katibu wa komite, mwalimu wa shule ya sekondari, mwenye kalamu mbili mfukoni, akaandika. Nilimwona anaandika. Mwisho wa mkutano wazazi wote tuliitwa kutia sinyatire, yaani sahihi, kwenye daftari lake. Nikaandika jina langu vizuri, herufi kwa herufi, na nilijisifu moyoni kwa kuwa mama aliye mbele yangu alitia kidole.

Njiani nikamwomba muuza karanga chembe moja mahali pa ile ya sista, nikampa pacha mkubwa, nikasema ni ya safari ya mdogo wako. Akaila. Mimi nikajua neno limefungwa.

Wiki ya tatu wakasoma liste, orodha ya mwisho, mlangoni mwa kanisa. Watoto wanane, na wangu hayumo. Mahali pake palikuwa na mtoto wa dada ya prezida wa komite. Prezida alikuwa mfanyabiashara, mwenye malori mawili na duka pale chini karibu na bandari. Mtoto yule alikuwa ameingia korali miezi miwili tu.

Nilikwenda hapo hapo na vumbi la ndagala mikononi. Komite walikuwa wamekaa ndani ya chumba cha katekisimu.

«Mwanangu amekosa nini?»

«Hajakosa kitu, Mama Mapasa,» prezida akasema, sauti ya upole kabisa. «Ni wewe uliyesema. Mapacha hawatengwi.»

«Nilisema wapi?»

Katibu akafungua daftari. Akasoma kwa Kifaransa, halafu akanigeuzia: mama wa mapacha hakubali watoto watengwe, na nafasi ya pili hakuna. Chini yake sinyatire yangu.

«Niliuliza,» nikasema. «Kuuliza si kukataa. Mlipaswa kunipa karanga.»

Wakatazamana. Mmoja akacheka. Katibu akasema, «Mama, komite haifanyi kazi kwa karanga.»

Prezida akawanyamazisha, akajifanya mtu mzima. «Tuheshimu mila ya mababu. Serikali inatuambia turudi kwa yetu, siyo? Otantisite. Leo nikitenga mapacha, kesho mmoja akigonjwa kule Bulaya, mutanilaumu.»

Hapo ndipo kichwa kiliniwaka. Mtu yule alikuwa anatuma malori yake mpaka Nyunzu Jumapili saa ya misa. Mtu yule mama yake mzazi alizikwa bila matanga kwa sababu yeye alikuwa na haraka. Mila alikuwa ameiona siku ile tu, ilipomfaa mpwa wake. Nikamtukana. Nilimtukana tumbo lake, nikamtukana malori yake, nikamtukana mahali alipotokea. Nilitoa maneno ambayo sikujua kama ninayo.

Nao wakapiga makofi.

Maana desturi yetu ni hiyo pia: mama wa mapacha siku ya ngoma ya watoto wake ana ruhusa ya kutukana watu, na watu wanapaswa kufurahi. «Kweli huyu ni Mama Mapasa,» prezida akasema, anafuta machozi ya kicheko. «Ongeza, Mama, utuletee baraka.» Kadiri nilivyopandisha, ndivyo walivyocheka. Waliichukua hasira yangu wakaifanya ngoma. Nilitoka pale, na huko ndani bado wanacheka.

Sista nilimkuta bustanini kwa watawa. Yeye hakucheka. Alisikiliza habari ya karanga mpaka mwisho, uso ukawa mwekundu. Akasema, kama angejua angenipa gunia. Nikamwambia sikutaka gunia. Akasema majina yamekwisha kutumwa kwa ajili ya paspoti, na komite ndiyo yenye neno, yeye ni mgeni.

«Mgeni wa miaka kumi na minne?» nikamwuliza.

Naye pia nilimwekea hasira, na ilinichukua muda zaidi kuiondoa kuliko ile ya wengine, kwa sababu nilikuwa ninampenda.

Zikabaki siku nane waondoke. Asubuhi moja mke wa prezida akaja nyumbani kwetu na kitenge kizuri, anatembea juu ya visigino kati ya nyavu za majirani. Alisalimu vizuri. Akasema ule wimbo wa sadaka haukai, mtoto wao anaangukia katikati, sista amejaribu wiki nzima. Akaomba binti yangu amwonyeshe, saa moja tu kwa siku.

«Mama,» nikamwambia, «umekuja kuchukua mguu, sasa unaomba na kiatu?»

«Ni watoto, Mama Mapasa. Tusiwatie katika maneno ya wakubwa.»

«Nenda kwako.»

Akaenda. Nilifikiri limekwisha.

Siku ya nne baada ya pale nilirudi mapema kutoka sokoni, samaki walikuwa wachache. Kabla sijafika nyumbani nikasikia sauti ya mwanangu nyuma ya nyumba, upande tunakooshea sahani. Inapanda, inangoja, inarudia. Kisha sauti nyingine inafuata, dhaifu, inateleza. Nilizunguka. Walikuwa wameketi juu ya sufuria zilizopinduliwa, mwanangu amemshika yule mpwa wa prezida hapa, chini ya mbavu, anamwambia, «Pumua na hapa, siyo na mabega.» Pacha wake alikuwa amesimama kwenye kona kulinda njia, lakini alilinda njia ya mbele, mimi nilipita ya nyuma.

Mtoto wa watu alikimbia. Mimi nikamwuliza mwanangu tangu lini. Akasema tangu siku ile.

«Unamfundisha nani? Aliyekaa kiti chako?»

«Ataimba mbele ya Wazungu, Mama. Akiimba mubaya, watasema Kalemie hawajue kuimba. Watatucheka siye wote.»

Nikampiga. Nilimpiga usoni kwa mkono uliokuwa na harufu ya samaki. Sikuwahi kumpiga mtoto usoni kabla ya siku ile wala baada. Kofi lile lilikuwa la prezida, lilikuwa la katibu na kalamu zake mbili, lakini uso niliokuwa nao karibu ulikuwa ule. Hakulia. Aliinama akaanza kuosha sahani, na shavu likavimba polepole, na yule pacha wake akaja akachuchumaa karibu yake wakaosha pamoja bila kunitazama.

Siku ya treni ya kuwapeleka kwenye ndege, mabinti zangu walikwenda wote wawili gare kuaga. Mimi sikwenda. Walirudi wananipita mlangoni, wanaelezana nani alilia na nani alisahau mfuko wake. Baadaye nilisikia wimbo ulikaa vizuri kule Ubelgiji. Walileta foto: mtoto yule ndani ya kigari, mlima wa chuma uko nyuma yake, mdomo wazi, sweta ile ya kijani.

Leo mabinti zangu ni mama wazima, wakikutana wanacheka safari ile. Yule mwenye sauti ananiambia, «Mama, yalipita.» Ninamwambia yalipita kwako. Kofi lile tulilizungumza mara moja, sitaliandika zaidi.

Lakini likizo ilipokwisha, wale wanane hawajarudi bado kutoka Ulaya, nilifanya jambo moja. Nilikwenda shuleni kwa katibu, saa ya mapumziko, nikasimama mbele ya meza yake. Nikamwambia afungue daftari. Akasema ripoti iliyotiwa sinyatire haifutwi. Nikamwambia sikuja kufuta. Nimekuja aandike neno langu chini ya lile la kwanza, alitie tarehe, nami nitatia jina.

«Safari imekwisha kwenda, Mama. Itasaidia nini?»

«Andika.»

Wanafunzi walikuwa wanachungulia dirishani. Labda ndiyo maana alikubali. Akachukua kalamu moja, nikaanza. Nikasema sikukataa mtoto wangu aende. Nikasema kuuliza habari ya mwenzake ni wajibu wa mama, na wajibu wa anayetoa ni kujibu. Nikataja karanga, nikataja nani alikuwa amekaa wapi siku ile, na nani alijua desturi hiyo akanyamaza, majina yote, na la baba ya kila mmoja. Nilisema mpaka kengele ikalia. Yeye alikuwa ameinama, kalamu inatembea.

Akanigeuzia daftari nitie jina. Wakati ule sikuweza kusoma mwandiko wa mkono; nilijifunza baadaye, kwenye masomo ya akina mama. Lakini kuhesabu nilijua. Mistari ilikuwa miwili, na maneno yangu yalikuwa marefu kuliko mistari miwili.