Malkia wa Chini Hajabatizwa

Mwaka 1952, mji mzima wa Élisabethville ulimjua Shi-Nkuba, na hakuna aliyewahi kumwona. Hadithi zake zilitoka kila mwezi katika gazeti la misheni, kurasa mbili nzima, pamoja na picha alizozichora mwenyewe. Alisimulia habari za mji ulio chini ya machimbo, ambako watu hutembea nyayo zao zikigusana na zetu, na kila shimo tunalochimba huku juu huwamwagia vumbi kwenye vyungu vyao. Mtawala wa mji huo alikuwa Malkia wa Chini, mwanamke mwenye meno ya jiwe la kijani, aliyefuga radi ndani ya chungu. Kila mwezi wachimbaji walimkaribia, na kila mwezi aliwarudisha juu wamevaa suruali nyuma mbele.

Watu walibishana. Wengine walisema Shi-Nkuba ni mwalimu mzee wa Kambove, wengine wakasema ni chifu aliyekimbia kijiji chake huko Lukafu. Zéphirin Kabwe, karani wa ghala, aliapa kwamba ni mtu wa Kasai, kwa kuwa yeye mwenyewe alitoka Kasai na kwa hesabu yake akili zote zilitoka huko. Alimsomea mkewe hadithi hizo kwa sauti wakila bukari, ugali wa kwao, na akifika penye utamu hugonga meza.

"Huyu muntu iko na kichwa! Mama Clément, unasikia?"

"Ninasikia, Baba Clément," mkewe hujibu, na kumwongezea sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Alisikia, tena vizuri sana. Hadithi ilikuwa yake.

Mama Clément, ambaye wazazi wake walimpa jina la Adolphine Kalaba, alizaliwa Kambove, binti wa mchimbaji. Alipofika miaka kumi na minne alipelekwa mjini kwa masista, kwenye nyumba ya kushona, na huko wakagundua kwamba mkono wake haukosei mstari. Wakampa kazi ya kuchora mitindo ya kudarizi. Alichora ua kwenye karatasi laini, akatoboa mistari yake kwa sindano, tundu kwa tundu, akailaza karatasi juu ya kitambaa na kuipapasa kwa kifuko cha unga wa bluu. Ukiiondoa karatasi, ua limebaki pale, tayari kwa uzi, na karatasi ile ile yaweza kutoa maua mia. Miaka kumi na minane alichora maua, vifaranga na malaika wanene. Malaika walimchosha. Pembeni mwa karatasi mbovu akaanza kuchora mwanamke mwenye meno ya kijani, na baada ya mwanamke yakaja maneno.

Kwa nini alijificha? Kwa sababu hakuwa mjinga. Gazeti lilikuwa na ukurasa wa wanawake, na ukurasa huo ulifundisha kuchemsha maji na kuosha chupa za watoto. Kwao Kambove mwanamume huitwa kwa jina la mtoto wake, na radi huitwa nkuba, basi akajiita Shi-Nkuba, baba wa radi, akapita mlango wa wanaume bila kubisha hodi. Rafiki yake Marceline, aliyekunja magazeti pale kwenye mtambo wa kuchapa, ndiye aliyebeba bahasha kwenda na majibu kurudi. Wawili hao hawakumwambia mtu kwa miaka sita.

Majibu yaliandikwa na Père Gaspard, msimamizi wa gazeti, padri mwenye ndevu nyingi na subira kidogo. Alipenda hadithi, na jambo moja tu lilimkera. Kila mwisho wa mwaka aliandika: "Bwana Shi-Nkuba, wasomaji wetu ni Wakristo. Malkia abatizwe." Na kila mwaka Adolphine alijibu kwa herufi kubwa kubwa, zile za mitindo ya darizi: "Malkia ana maji yake." Padri alinung'unika na kuchapa, kwa kuwa bila Shi-Nkuba gazeti lingeishia kufungia maandazi sokoni.

Sasa, Zéphirin alikuwa na ndoto yake, nayo ilikuwa karte. Serikali ilitoa karte ya raia mwema kwa wachache waliohesabiwa kuwa wamestaarabika, na mwenye karte hakuchapwa viboko akifungwa. Zéphirin aliwahi kumwona mjomba wake akichapwa mbele ya watu, mtu mzima mwenye mvi, kwa hiyo tusimcheke kwa kuitamani. Ila namna alivyoitafuta, hiyo tumcheke. Jumamosi moja mchana alirudi kutoka kazini akitembea kama bwana harusi.

"Bantu ba serikali batakuya Jumatatu kuona nyumba," alisema. "Na nimeandika ku fomu neno moja itabashangaza. Nimeandika: Zéphirin Kabwe, karani, ni mwandishi. Njo mimi Shi-Nkuba."

Adolphine aliuweka mwiko chini.

"Na Shi-Nkuba mwenyewe akikuya kukuuliza?"

"Ule muzee? Pengine alishakufa."

"Hayakufa, Baba Clément. Iko mbele yako, anakupikia bukari."

Zéphirin alicheka mpaka machozi. Adolphine akaenda chumbani, akaburuta sanduku kutoka chini ya kitanda na kulifungua. Kulikuwa na Malkia wa kila namna humo: Malkia akikoroga radi, Malkia akimnyonyesha mamba, Malkia wa mwezi ujao ambaye hakuna aliyemwona bado. Kicheko kikakatika. Bwana yule aliinua karatasi moja moja kwa ncha za vidole. Mkewe alingojea neno moja tu, neno lolote la sifa ambalo alizoea kumpa yule mtu wa Kasai aliyemdhania.

"Basi iko muzuri zaidi," Zéphirin alisema hatimaye. "Hatuibi kwa muntu. Unikopeshe jina, siku moja tu. Mama Clément, nakulomba. Ju ya fimbo."

Neno hilo la fimbo ndilo lililomshinda. Alikubali, na moyo ukamuuma kama jino bovu. Alijiambia jina si kitu, jina alilibuni mwenyewe, anaweza kubuni lingine. Malkia atabaki.

Jumatatu walikuja wawili, mzungu wa serikali mwenye kaptula na Père Gaspard mwenyewe, aliyeketi katika kamati hiyo. Mzungu wa serikali alifungua kabati, akahesabu uma, akanusa choo, akaangalia kama mashuka yametandikwa au yamewekwa maonyesho. Padri hakujali uma. Alimkamata Zéphirin mikono yote miwili mbele ya meza iliyotandikwa kitambaa kipya cheupe.

"Kumbe ndiwe, mkaidi wangu! Miaka sita unanitesa. Leo unijibu uso kwa uso. Toleo la Januari, Malkia atabatizwa?"

Adolphine alikuwa amesimama na birika la kahawa. Alimtazama mumewe. Zéphirin hakumtazama.

"Hata kesho, mon Père," alisema. "Tutamuita Maria."

Jamani! Jina alikuwa ameomba, akapewa. Malkia hakuna aliyempa. Adolphine alihisi hasira ikimpanda kutoka nyayoni, hasira ya miaka sita na ya malaika wote wale wanene, akaliweka birika chini kwa kishindo.

"Hapana," alisema. "Habatizwe."

"Mama, tunaongea na bwana yako," padri alisema kwa upole.

"Munaongea juu ya kitu yangu. Malkia iko na maji yake."

Padri alifungua mdomo, kwa kuwa maneno hayo aliyajua. Lakini kujua ni kitu kimoja na kukubali ni kingine, akatikisa kichwa na kusema kwamba mke yeyote anaweza kusikia mambo ya mumewe. Adolphine hakubishana. Alitoa mfukoni mwa aproni penseli ya bluu ya kazini, akasukuma vikombe pembeni, akachora juu ya kitambaa kile cheupe kilichonunuliwa kwa ajili ya ukaguzi. Alianza na meno. Hakuinua mkono mpaka Malkia alipotimia, ana chungu chake kwapani, anamtazama mzungu wa kaptula kana kwamba yeye ndiye aliyekuja kukagua. Padri aliinama akaangalia mstari ule aliouchapa miaka sita, na shingo yake ikawa nyekundu.

Waliondoka bila kunywa kahawa. Baada ya wiki mbili barua ilisema ombi la Zéphirin Kabwe limekataliwa, kwa kuwa mwombaji ni mwongo na nyumba yake haina utaratibu. Zéphirin hakumsemesha mkewe kwa mwezi mzima. Adolphine alipika, akaenda kazini, akarudi, na hakuomba msamaha hata kwa jicho.

Januari gazeti lilitoka na hadithi ya Shi-Nkuba. Adolphine hakuwa ameipeleka. Zéphirin aliileta nyumbani, akaketi, na mazoea yakamshika, akaanza kusoma kwa sauti. Malkia wa Chini alipiga magoti. Malkia wa Chini aliungama. Alifika katikati ya ukurasa akanyamaza, akageuza gazeti kana kwamba hadithi ya kweli imejificha nyuma.

"Hii haiko yako," alisema.

"Haiko yangu."

"Inaonekana. Haina chumvi."

Adolphine alilia siku hiyo, nisimfichie. Walimchukulia jina na kumpigisha Malkia magoti kwa mkono wa mtu asiyejua hata kuchora goti. Alipomaliza kulia alinawa uso, akachukua karatasi laini na sindano, akatoboa hadithi ya kweli ya Januari, picha kwa picha, maneno na yote. Hakuwa na mtambo, ila alikuwa na unga wa bluu na mkono wake. Kabla ya Kwaresima vitambaa kumi na viwili vilikuwa vimekamilika kwa uzi wa kijani.

Jumapili alivitundika kwenye uzio wao, kando ya njia ambayo watu wote wa misa hupita. Walisimama. Walisoma. Kwenye kitambaa cha mwisho Malkia alikuwa amemrudishia padri mdogo mwenye ndevu ndoo yake ya maji. Wanawake waliziba midomo kwa kucheka, na mmoja akauliza kama anaweza kupata kimoja kwa meza yake.

Ndipo akaja Anaclet, karani mwenzake Zéphirin, na wengine watatu wa ofisini. Hao walisikia tangu siku ya fomu kwamba Shi-Nkuba ni Zéphirin, na Zéphirin hakuwahi kuwaambia vinginevyo.

"Ee Shi-Nkuba!" Anaclet alipaza sauti. "Sasa ya kweli njo gani? Ku gazeti Malkia anabatizwa, huku anakatala. Bibi yako anaharibu kazi yako?"

Kila mtu aligeuka. Zéphirin alikuwa mlangoni amevaa tai. Adolphine hakumsaidia. Alishika kibanio cha mwisho akangoja, safari hii bila kutumaini kitu.

Zéphirin alishuka kwenye ngazi, akapita katikati ya wenzake, akanyoosha pembe ya kitambaa iliyokunjwa na upepo.

"Mi nalibadanganya," alisema, na sauti yake ilifika mpaka barabarani. "Siko Shi-Nkuba hata siku moja. Na Malkia hakubatizwa. Mwenye kumuzaa iko pale, jina yake imeshonwa huku chini. Anaclet, unayua kusoma. Usome kwa nguvu, bantu basikie."

Anaclet aliinama, akasoma: "Adolphine Kalaba."