Mwalimu wa Mtu Mmoja

Baba alimleta mwalimu nyumbani kwetu Uriri Jumapili mchana, akamkaribisha kiti, akamwambia Mama alete chai, halafu akampa fimbo. Ilikuwa fimbo ya powo, mti ambao haukatiki upesi, na alikuwa ameichonga mwenyewe asubuhi hiyo. Mwalimu alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule Rongo, Mkuria mrefu mwembamba aliyenizidi miaka michache tu. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaiegemeza dirishani ili dirisha lisijifunge kwa upepo.

Baba aliona. Siku hiyo aliiacha hapo hapo.

Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na kukaa nyumbani nikikata miwa. Chuo cha ufundi kilikuwa kinachukua vijana wa kujifunza kuchomelea vyuma, lakini kabla ya kuchukuliwa ilibidi mtu asimame mbele ya walimu, asome ukurasa mmoja kwa sauti na aeleze alichosoma. Kusoma nilijua, polepole. Kusema mbele ya watu ndiko kulikonishinda. Baba alikuwa ameshaamua: nikikataliwa, nitaenda Kisegi kuvua samaki kwa baba mdogo. Kaka yangu alitangulia huko. Baba mdogo alimpiga kichwani kwa kafi la mtumbwi kwa sababu ya wavu uliokwama, na mpaka leo ukimwita kwa upande wa kushoto hageuki.

Shuleni nilizoea kupigwa, lakini tulikuwa wengi. Fimbo ilipita safu kwa safu, na mtoto mwoga aliweza kukaa nyuma ya mgongo wa mwingine. Masomo ya mtu mmoja hayana mgongo wa mwingine. Swali ni lako, na kimya chote ni chako.

Mwalimu hakukaa mbele yangu. Alikaa ubavuni, tukitazama kitabu kimoja. Akishauliza, alitoa kisu kidogo, akamenya kipande cha muwa taratibu, akatafuna bila kunitazama. Baadaye aliniambia kwamba chuoni walifundishwa kumpa mwanafunzi muda wa kufikiri, lakini hawakuambiwa mwalimu ayaweke wapi macho yake muda huo wote, kwa hiyo yeye akaamua kuyaweka kwenye muwa.

Baba alikaa nyuma yetu. Alivumilia kimya cha swali la kwanza. Kwenye la pili alichukua fimbo, dirisha likajifunga kwa kishindo, na kabla sijageuka ilikuwa imeshatua shingoni. Iliyofuata ilishika sikio. Damu iliingia kwenye kola, nyingine ikadondoka kitabuni.

"Sema," Baba aliniambia. "Mtoto wa watu ametoka Rongo kuja kutazama mdomo wako?"

Mwalimu alifuta ukurasa kwa kiganja. "Mzee, ukimpiga ukiwa nyuma, anasikiliza nyuma. Mimi niko huku mbele."

"Mimi nilipigwa," Baba akamjibu. "Na gazeti nasoma."

Tuliendelea hivyo siku kadhaa. Vidole vyangu vilivimba mpaka kalamu ikawa haishikiki. Ndipo mwalimu alipouliza nyumba ile ndogo karibu na lango ni ya nani. Nikamwambia ni yangu. Ilikuwa simba yangu, nyumba anayojenga kijana wa Kijaluo akishakua, na baba yake haingii humo. Ni mwiko. Mwalimu hakuuliza habari za mwiko, nami sikuwa mtu wa kuongeza maneno. Alijitwika meza kichwani, akavuka ua. Mama alikuwa akianika mahindi. Alitutazama, akainama haraka kuficha uso. Baba aliporudi kutoka sokoni alikuta mgeni amefunga mlango ambao yeye hawezi kuufungua, ndani ya boma lake mwenyewe.

Humo ndani nilianza kusema. Mwalimu alisoma aya, kisha akaieleza vibaya makusudi, akazidi kuiharibu, mpaka nikashindwa kuvumilia na kumrekebisha. Akiona nimekwama, aliacha kitabu akataka nimweleze jinsi ya kukata miwa. Hilo nalo alilirudia kombokombo, kwamba unaanza kukata juu kisha unashuka, nami nikamrekebisha tena.

Baba alizunguka nje. Tukinyamaza, fimbo iligonga ukuta, udongo ukatudondokea vichwani. Mwalimu akajifunza kuziba kimya changu kwa kelele zake. Alitaja vituo vyote vya barabarani kutoka Rongo hadi Homa Bay, au alihubiri kama pasta, ili mimi nipate nafasi ya kufikiri. Siku moja nilicheka. Baba aliponisikia nikicheka alitupa jiwe juu ya bati, kisha lingine. Lililofuata lilivunja kidirisha, na kipande cha kioo kikanichana shavu.

"Kwa nini haingii tu?" mwalimu aliuliza.

Nikamweleza. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu yeyote maneno mengi kiasi hicho kwa mara moja. Alisikiliza mpaka mwisho, uso ukambadilika. Kwao pia kuna miiko, na alijua uzito wake.

"Kwa hiyo nimemfungia mzee nje ya boma lake," alisema. "Na yeye anadhani nilifanya nikijua."

Alitaka kwenda kuomba msamaha. Nilimshika shati, akanitoa mkono kwa upole. Alitoka viganja vikiwa wazi, akamwita Mzee, na fimbo ikampata mdomoni. Nilisikia jino likivunjika. Alipoinama ilimpata mgongoni, kisha kichwani, akaanguka karibu na jiwe la kunolea panga. Baba alipiga bila neno, akipumua kama mtu anayepasua kuni. Nikalala juu ya mwalimu. Fimbo haikubagua, ilitupata sote. Nilipoinua mkono kukinga kichwa chake, mfupa ulikatika. Mama alikuwa akipiga kelele tangu mwanzo na Baba hakumsikia, lakini mlio ule wa mfupa aliusikia, akasimama.

Mwalimu aliondoka kwa bodaboda, leso ya Mama imefungwa mdomoni mwake. Mimi niliwekwa plasta. Jioni ile Baba alisema tu kwamba samaki hawaogopi mkono mmoja, nijiandae kwenda Kisegi.

Siku chache baadaye Mama alinifuata kwenye miwa na simu yake. Alikuwa ni mwalimu. Maneno yake yalipita kwenye pengo la jino kama upepo.

"Sasa huwezi kuninyamazia," alisema. "Ukinyamaza nitadhani ni mtandao, nikate."

Tukasoma hivyo. Nilijificha katikati ya miwa, kitabu magotini, simu nimeibana begani, nikisoma kwa sauti kwa mtu nisiyemwona. Nikikawia aliita, "Uko?" Ilibidi nijibu kwamba niko, na nikishafungua mdomo niliendelea. Baba alipogundua alimpiga Mama mpaka jicho likafunga, akaitupa simu ukutani. Mama aliiokota vipande, akaifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, ikaita tena.

Siku ya chuo Mama ndiye aliyenisindikiza. Walimu watatu walikaa nyuma ya meza. Mkubwa wao, mama mmoja mwenye miwani, alinipa ukurasa, akaona plasta, akauliza imekuwaje. Mama akawahi kujibu kwamba nilianguka kutoka kwenye lori la miwa.

"Namuuliza yeye," yule mama akasema.

Macho yote yalikuwa kwangu, na jicho la Mama lilikuwa bado jekundu.

"Sikuanguka," nilisema. "Nilipigwa na baba yangu. Nilikuwa nakinga kichwa cha mwalimu."

Mama alitazama sakafu. Nikaanza kusoma. Ulikuwa ukurasa wa mitungi ya gesi na jinsi ya kuihifadhi. Nilisoma polepole, nikakwama mara nyingi, nikaeleza. Waliponiuliza maswali nilijibu yote isipokuwa moja, na hilo nikasema silijui. Wakanichukua.

Tuliporudi Baba alikuwa amekaa nje ananoa panga.

"Wamekuchukua?"

"Wamenichukua."

"Waliuliza habari za mkono?"

"Waliuliza."

"Ukasemaje?"

"Nilisema ni wewe."

Aliweka panga chini kwanza. Kisha akanipiga kofi lililonilaza juu ya mahindi ya Mama, na nilipoinuka akanilaza tena. Nilingoja la tatu. Badala yake aligeuka, akamuuliza Mama kama lile sanduku la bati la kaka yangu bado linafungika, maana mtoto hawezi kwenda chuo na nguo ndani ya gunia.