Turubai la Boga la Wegesa

Wegesa alikuwa mwanamke wa kupenda ushindani. Mwaka jana, kwenye sikukuu ya mavuno, boga lake lilifika madhabahuni limesinyaa hadi wifi yake, Beatrice, akauliza mbele ya kwaya kama wameleta kitunguu. Wegesa akaapa: mwaka unaofuata boga lake litabebwa na wanaume wawili, na watahema.

Na kweli, mwaka huu boga lilinenepa. Lililala kando ya uwanja wake pale Mbalibali kama ndama aliyeshiba. Mumewe, Machage, alianza kulionea wivu, maana chai yake ilichelewa, maji ya boga hayakuchelewa. Kisha likaja jua la kiangazi, lile la kuwatembeza kuku midomo wazi. Majani ya boga yakajikunja, ganda likaanza kubabuka upande mmoja, kisima kikabaki na tope. Na ibada ya mavuno ilikuwa Jumapili hiyohiyo.

Akalifunika kwa nyasi, mbuzi wakala kivuli. Akatandaza kanga, upepo ukaihamishia kwa jirani. Ndipo akakimbilia kwa mzee Rubeni, mtunza turubai la kitongoji, jasho likimchuruzika machoni.

"Shikamoo baba. Naomba turubai, sasa hivi."

"Marahaba. Kuna nini, mama?"

"Usiniulize, baba. Hali ni mbaya."

Rubeni akampa turubai, na pole juu yake. Wegesa akaipokea. Kwani boga halistahili pole?

Akalisimamisha turubai juu ya nguzo, pande zote wazi ili hewa ipite. Boga likapumua. Tatizo ni kwamba Mbalibali turubai halisimami nyumbani kwa mtu kwa ajili ya mboga. Muda si muda kilio kikasikika njiani: Beatrice mbele, akina mama nyuma, kila mmoja na ndoo ya maji kichwani, yale ya kupelekea wafiwa.

"Kaka yangu Machage ee! Umetuacha na nani!"

Machage, aliyejilaza ndani kukimbia joto, akatoka na bukta, anajikuna tumbo.

"Nani kafa?"

"Wewe," akasema Beatrice, kisha akakaa chini, ndoo na yote.

Rubeni, aliyekuja na waombolezaji, akamgeukia Wegesa. "Si ulisema hali ni mbaya?"

"Ya boga, baba."

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka ni marehemu mwenyewe, na baada yake hakubaki mtu.

"Sasa maji haya turudi nayo?" akauliza mama mmoja.

"Mtarudije nayo," akasema Wegesa, "na mgonjwa yuko hapa?"

Wakakaa kivulini na boga, wakipiga soga. Jua lilipolegea wakayamwaga polepole shinani, ndoo baada ya ndoo. Alfajiri majani yalikuwa yamesimama kama masikio ya punda.

Jumapili, Machage na Rubeni waliingia kanisani wamelibeba, wakihema kuliko kwaya. Wegesa alitembea nyuma yao, shingo ndefu. Beatrice akamsogelea sikioni.

"Wifi, mwakani ukitaka maji, sema tu. Usimuue kaka yangu."