Miaka Miwili ya Kinna

Mutuma ni dereva wa lori, na kwa kweli usukani anaujua. Shida yake ni mdomo. Siku alipokwenda kuomba kazi kwa Hajia Kinsi, mwenye malori ya mifugo hapa Isiolo, aliulizwa yale ambayo Hajia humuuliza kila dereva: umeendesha gari la nani, uliacha kwa nini, umewahi kushikwa na trafiki? Na akishakuandika, ukifanya kosa barabarani umwambie mwenyewe, kabla hajalisikia sokoni.

Mutuma alikuwa ametoka kwa tajiri mmoja wa Nanyuki. Alimfanyia kazi miaka miwili, kisha akasinzia kwenye mteremko wa Subuiga, akalaza lori, mbuzi wengi wakafa, na korti ikamnyang'anya leseni kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo alijibu, "Hii miaka miwili nilikuwa Kinna, Hajia. Nilikuwa nalima kitunguu." Hajia akakosa wa kumpigia simu kumuulizia, maana shamba halina tajiri.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Pengine hawakuwahi kwenda Marsabit kwa lori, njia isiyoisha. Uongo wa Mutuma ulisafiri salama mwaka mzima, hadi Hajia aliponunua shamba. Wapi? Kinna. Apande nini? Vitunguu, kwani mshauri si anaye tayari, yuko kwenye lori.

Mutuma, ambaye kitunguu anakijua kikiwa kwenye sufuria, alisema vimwagiliwe asubuhi na jioni mpaka siku ya kuvuna. Vikaozea ardhini. Akangoja kufokewa, lakini Hajia alimwagizia chai na kumwambia, "Wewe usijali. Ni mbegu mbaya ya huyo Kathure."

Hapo ndipo hatia ilipomkaba. Kathure ni mama anayeuza mbegu chini ya mwavuli karibu na stendi, mtu wa kwao Mutuma, Meru, na neno la Hajia sokoni halirudi bure. Wateja wakamkwepa. Mutuma naye akawa anavuka barabara kila akiuona mwavuli wake, hata mimi nikadhani wamekosana. Jumapili moja, nje ya kanisa, Kathure alimshika mkono.

"Mutuma, wewe ulikuwa mkulima. Si uambie Hajia mbegu yangu haikuwa mbaya?"

Aliona aibu mpaka macho yakamlenga machozi. Akaenda moja kwa moja kwa Hajia, na hakukubali kuketi.

"Habari, Hajia."

"Nzuri. Mbona Jumapili? Gari imeshikwa?"

"Hapana. Mimi sijawahi lima Kinna. Nilikuwa dereva Nanyuki. Nililala kwa usukani, nikaangusha lori, mbuzi ya watu ikakufa. Mbegu ya Kathure haina makosa. Ni mimi."

Tasbihi ilisimama vidoleni mwa Hajia.

"Lori huanguka," alisema. "Hiyo ungeniambia siku ya kwanza, ningekupatia kazi tu. Lakini sasa nimeharibia mama wa watu jina sababu yako."

Alimpigia Kathure simu palepale, akamwomba msamaha, akaagiza mbegu nyingine. Kisha akanyoosha mkono, na Mutuma akaweka ufunguo wa lori kiganjani mwake.

"Ulisema ulilima Kinna miaka miwili," Hajia alisema. "Shamba iko, jembe iko, mbegu Kathure analeta. Enda ulime hiyo miaka. Ukimaliza, kuja uniambie tena ulikuwa wapi."