Saa ya Mzee Mjaka

Miaka ile kabla ya maridhiano ya vyama, Pemba kila kitu kilikuwa na chama. Duka lilikuwa na chama, kisima kilikuwa na chama, hata jeneza lilikuwa na chama, maana walikuwapo watu waliokataa kulibeba kwa sababu ya aliyelala ndani yake. Kwa hiyo kompyuta ilipoanza kusuasua katika ofisi ya vyeti vya kuzaliwa pale Chake Chake, hakuna aliyeuliza imeharibika wapi. Waliuliza anayekaa mbele yake ni wa chama gani.

Aliyekaa mbele yake ni Mzee Mjaka Silima, karani, mtu wa Chokocho, miaka thelathini na moja kazini. Aliyeitwa kuitengeneza ni Muntasir bin Ridha wa Tibirinzi, fundi wa ofisi. Hadithi hii ni ya Muntasir, ingawa aliyeumia ni mwenziwe.

Kwao Muntasir waliwahi kuwa na mikarafuu isiyohesabika. Mashamba yakenda na Mapinduzi, wakabaki na jina la Kiarabu lililowafaa kwa kunyooshewa vidole tu. Baba yake alimlea kwa kanuni moja: ukiulizwa, jibu ulichoulizwa, halafu funga mdomo. Kijana akaenda Maskati kwa mjomba wake, akajifunza kompyuta miaka minne, akairudia Pemba kwa sababu mama alianguka na kupooza. Ofisini walimpa mkataba wa miezi sita, na kila ukiisha wakampa mwingine wa miezi sita, na hivyo hivyo kwa miaka saba. Mtu wa mikataba ya namna hiyo hujifunza kutembea kwa ncha za vidole.

Kazi yake lakini aliijua, hilo tusimnyime. Mradi fulani ulileta kompyuta sita, zote zikitumia Linux kwa kuwa hainunuliwi, na juu yake programu iliyoandikwa kwa lugha ya Java. Karani akiingiza jina la mtoto, la baba, la mama na la sheha wao wa mtaa, programu inaomba ruhusa kwenye kompyuta kubwa iliyoko Unguja, ruhusa inarudi, cheti kinachapwa. Dakika nne, mtu anakwenda zake. Cheti hicho kilitakiwa shuleni, kilitakiwa kwenye kitambulisho, na bila kitambulisho siku ya kura unakaa nyumbani ukisikiliza redio. Ndiyo maana foleni ilianza kujipanga mara baada ya swala ya alfajiri.

Tatizo la Mzee Mjaka na mashine lilianza na daftari. Sheria ya ofisi ilimtaka karani aandike kwa mkono saa aliyomhudumia kila mtu. Mjaka, mwandishi mzuri, hati yake imelala sawasawa kwenye mistari, akawa anatazama pembe ya kioo cha kompyuta na kunakili anachokiona. Kioo kikisema 9:15, naye aliandika saa tisa na robo. Akaja mkaguzi, akafungua daftari, akauliza vipi watu wote wa asubuhi wamehudumiwa alasiri. Mzee akapewa barua ya onyo, ya kwanza katika maisha yake, na akatahayari hata asimwambie mkewe, Bi Moza.

Alimwambia Muntasir. Akamwita pembeni, akamwonyesha ile pembe ya kioo.

"Mwanangu, mie saa n'nazijuwa," alisema. "Ino mashine ndo haizijuwi."

Muntasir alicheka, na hapo alimpenda yule mzee kuliko siku zote. Akairudisha saa ya kompyuta nyuma kwa saa sita, ili saa tatu ya asubuhi isomeke tatu, kama inavyosomeka misikitini na kwenye akili ya kila Mpemba aliyezaliwa na mama. Akaizima na ile kazi ya mashine kujirekebisha saa yenyewe. Jambo la dakika mbili. Fundi mwingine angeandika mahali kwamba amefanya hivyo. Yeye hakuandika, kwani nani anaandika wema mdogo kama ule? Kesho yake Mjaka alimletea pakacha la shokishoki kutoka Chokocho, na daftari likanyooka.

Ikapita miezi mitatu. Unguja wakatuma toleo jipya la programu, Muntasir akaliweka kwenye kompyuta zote sita, na tano zikaenda kama kawaida. Ya Mjaka ikaanza vituko. Mzee alijaza kila kitu, akabonyeza kuhifadhi, na kioo kikaganda. Nusu saa, wakati mwingine zaidi, halafu kikazinduka na kutoa cheti kana kwamba hakikuwa na neno. Makarani wengine walihudumia watu arobaini, yeye akahudumia tisa. Alikaa mbele ya kile kioo mikono mapajani, hana la kufanya, na watu mia wanamtazama.

Foleni ikasema Mjaka kanunuliwa na chama kinachotawala, anawachelewesha watoto wa wapinzani wasipate vyeti. Wakubwa wakasema Mjaka ni mpinzani, anaihujumu serikali ili wananchi waichukie. Kosa moja, vyama viwili, na mzee yule yule mmoja. Inachekesha ukiwa mbali.

Mkuu wa ofisi, Bwana Vuai, mtu wa Unguja, hakuwa mtu mbaya wa kupindukia. Alikuwa mtu aliyetaka kurudi kwao na cheo kikubwa zaidi. Akamwita Muntasir siku ya Jumatatu akamweleza kwa upole kwamba swali lake ni moja: mashine au mtu. Alitaka jibu kwa maandishi kabla ya Alhamisi.

Muntasir alifanya kazi yake siku tatu. Aliipa programu kumbukumbu zaidi, akidhani inabanwa. Akatazama kama Java inapoteza muda kwa kusafisha takataka zake yenyewe kwenye kumbukumbu, akakuta haipotezi. Akabadilisha toleo la Java, akaupima mtandao, akaipima diski, akabadilisha hata waya. Mwisho akaiamuru programu, pale ilipoganda, iseme kila uzi wake, yaani kila kazi inayokwenda ndani yake, unafanya nini, na jibu likaja kwamba uzi mmoja umelala. Haukukwama. Umelala tu, unasubiri. Unasubiri nini, hakuona.

Naye alikuwa anakitazama. Kwenye faili ambamo programu huandika matukio yake, mstari ule ule ulijirudia mara mia: ruhusa inaanza 09:12, sasa hivi ni 03:12, jaribu tena. Mgeni angeruka kwenye kiti. Muntasir alisoma tisa na dakika kumi na mbili, akasoma tatu na dakika kumi na mbili, na kichwani mwake zote zilikuwa saa ile ile, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofundishwa kuisoma saa tangu mdogo: macho yaone tisa, mdomo useme tatu. Aliupita mstari ule kama unavyopita mlango wa nyumba yenu.

Jumatano mchana aliandika ripoti. Aliulizwa mashine au mtu, na mashine aliipekua yote asiione kosa. Angeweza kuandika kwamba hajajua. Lakini fundi wa Maskati, mwenye mkataba unaoisha mwezi ujao, hakupenda neno hilo lionekane juu ya saini yake. Akaandika: "Mashine ni nzima." Maneno matatu. Alijiambia kwamba hakumtaja mtu.

Ijumaa, kabla ya swala, Mzee Mjaka alipewa barua ya kuachishwa kazi. Ilisema hujuma, na ilisema kulingana na taarifa ya kitaalamu. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa kanzu, akafunga daftari lake na kulisukuma hadi katikati ya meza. Alimpa Muntasir mkono kama kila Ijumaa. Watu wa foleni walimpisha njia bila salamu hata moja, na walikuwapo mle watu ambao vyeti vyao wenyewe aliviandika yeye kwa kalamu ya wino.

Jumatatu akaletwa karani mpya, Bi Ruweida, aliyesomea Unguja. Akamwingiza mtoto wa kwanza, akabonyeza, kioo kikaganda. Muntasir alikuwa amesimama nyuma yake. Ruweida hakufadhaika. Aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida, kwa nini mashine hii inadhani ni usiku wa manane.

Hapo ndipo Muntasir alipoona. Tatu na tisa. Unguja inatoa ruhusa ya saa tisa ya Kizungu, na kompyuta ya Mjaka, kwa saa aliyoipanga Muntasir kwa mkono wake, inasema saa tisa haijafika, subiri kwanza. Toleo la zamani halikulinganisha saa. Jipya linalinganisha. Inasubiri, inajaribu, inasubiri, mpaka ichoke na kupita njia ya nyuma isiyouliza saa. Hakuna mhujumu. Kulikuwa na pakacha la shokishoki.

Sasa fikiri. Kioo kimeganda chini ya mkono wa mtu mwingine, Mjaka yuko Chokocho, na Bwana Vuai yuko chumba cha pili. Ushahidi ulikuwa pale, umekaa mezani. Kilichotakiwa ni Muntasir aondoke alivyo, asiguse kitu, amwite mkuu aje aone. Lakini mikono ya fundi haingoji. Kosa likionekana linarekebishwa, ndivyo walivyozoea, maelezo baadaye. Akainama, akaandika amri moja, saa ikasogea mbele, na cheti kikachapwa pale pale. Cha pili dakika nne. Cha tatu dakika nne.

Bwana Vuai akatoka kwa kusikia mashine ya kuchapia haisiti. Akasimama mlangoni, akatabasamu.

"Umeona?" alisema. "Siku ya kwanza hayupo, mashine imepona."

Muntasir alimfuata ofisini kwake na akafunga mlango, na kwa mara moja katika maisha yake alisema asichoulizwa. Alieleza daftari, saa, toleo jipya, yote. Akasema anaweza kuirudisha saa sasa hivi, mkuu akaone kwa macho yake jinsi itakavyoganda. Vuai alisikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza. Kisha akamwambia kwamba barua imeshafika Unguja na wakubwa wameipongeza ofisi. Akavuta karatasi nyeupe, akaiweka mbele ya Muntasir pamoja na kalamu.

"Kama ni hivyo, aliyeharibu ni wewe," alisema. "Kwa wino wako uliandika mashine ni nzima. Leo andika kwamba ulisema uongo, utie saini, nami nitaipeleka. Sitakuzuia."

Na pengine kweli asingemzuia. Hilo ndilo lililomla Muntasir baadaye, kwamba mlango haukufungwa. Alishika kalamu. Alimfikiria mama yake, anayegeuzwa kitandani na mtu wa kulipwa. Alifikiria jina lake na jinsi litakavyosomeka Unguja, Mwarabu wa Pemba aliyetia mkono kwenye mashine ya serikali. Zote hizo ni sababu, na nzuri. Mjaka naye alikuwa na sababu zake za kubaki kazini, na hazikuulizwa. Akaandika: "Hitilafu imeondolewa." Hakuandika ilikuwa nini wala ilikuwa ya nani. Akatia saini.

Mkataba uliongezwa miezi sita.

Alijipa wiki mbili, kisha akaenda Chokocho kumjulia hali mzee, na moyoni alikwenda kumwambia. Aliposhuka kwenye gari aliulizia nyumba ya Mzee Mjaka. Mwenye duka akaendelea kupima sukari kana kwamba hakusikia. Mwanamke mmoja alimwonyesha kwa mkono tu. Nyumbani alimkuta Bi Moza anachambua mchele, na sinia la kahawa limeegemezwa ukutani, kavu. Hapo zamani, alisema, watu walikunywa kahawa barazani kwake kila baada ya alasiri. Siku hizi hawaji. Ntu aliyewanyima watoto vyeti, wasema, nani akae barazani kwake?

Mzee Mjaka alifurahi kumwona hata akasahau kuvaa kofia. Amekonda. Akamkalisha, akamtafutia nazi changa, akawaulizia wenziwe wa ofisini mmoja mmoja. Muntasir aliyapanga maneno yake, akayaanza. Alisema kuna jambo kuhusu ile mashine.

Mzee akamshika nkono, kama wanavyosema kwao, akamzuia.

"Usinambie," alisema. "Ntu akeshatoka katoka. Mie hasira n'nayo, sikufichi, n'nayo kwa wote walionitazama Ijumaa ile wasinene. Lakini si kwako. Miaka thalathini na moja, weye peke yako ndo uliyefanya kitu kwa ajili yangu mle ndani." Kisha akauliza kwa wasiwasi: "Na ile saa yangu, wameiacha?"

Muntasir alitazama nazi iliyokuwa mikononi mwake.

"Ipo vile vile, baba," alisema.

Akainywa nazi yote, kwa sababu ameandaliwa, akaaga. Bi Moza alimfungia mbatata kwenye kitambaa ampelekee mama yake.