Ng'ombe Wasiokuwemo Kwenye Filamu

Kila vumbi la Kakuma linapoizima kompyuta ya Carol, humpelekea jirani yake, fundi. Jirani huyo hafungui mashine kabla ya kuipapasa mgongo, kama anayemtuliza mbuzi. Vumbi hulitoa kwa brashi ya rangi, skrubu huziweka kwenye kizibo cha soda, na kando yake lazima filamu ya karate iwe inanguruma. Bila hiyo, husema, mikono inakuwa mizito. Mama yake, ambaye haoni tena, huketi karibu akisimuliwa kila teke kwa Kiturkana.

Juzi Carol aliwakuta majambazi wa filamu wakichoma kijiji.

"Na ng'ombe?" mama akauliza.

Filamu ile haikuwa na ng'ombe hata mmoja. Ng'ombe wa mama mwenyewe waliswagwa na wavamizi zamani, wasirudi. Fundi akaweka bisibisi chini.

"Wamerudishwa, mama."

"Wote?"

Kwenye skrini, shujaa alikuwa akimzika mwalimu wake.

"Wote. Yule mwekundu wa pembe moja ndiye yuko mbele."

"Ejok, vyema," mama akasema, akaanza kumwimbia ng'ombe wake huyo mwekundu. Fundi akanyoosha mkono, akazima sauti ya filamu.